Seli Shina za Ubongo Husoma Jeni Zipi?

Valproeti ni dawa ya kifafa ya miaka mingi. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha jambo la ajabu: walipoiweka kwenye seli shina, yaani seli ziwezazo kuzaa seli za aina nyingine, zilizotoka katika ubongo wa panya wakubwa, nyingi ziligeuka kuwa seli za neva. Hakuna jeni iliyobadilika. Kilichobadilika ni jinsi zilivyofungashwa. (Asiimeze mtu ili kunoa akili, dawa hiyo hiyo humdhuru mtoto aliye tumboni.)

DNA ya seli moja ikinyooshwa hufikia karibu mita 2, nayo imo yote ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Ikibanwa sana, jeni iliyopo hapo haisomeki. Histoni zikibandikwa kemikali ya asetili, DNA hulegea na jeni husomeka. Vipo vimeng’enya vinavyoibandua asetili hiyo, na valproeti huvizuia. Alama nyingine, metili, hukaa hata juu ya DNA yenyewe na mara nyingi huinyamazisha jeni. Elimu ya alama hizi ndiyo epijenetiki.

Jaribio linalonivutia zaidi ni la San Francisco, 2009. Panya waliondolewa protini ya MLL1, ambayo kazi yake ni kuweka alama kwenye histoni. Seli shina zao hazikufa, ziliendelea kugawanyika, hata seli za glia, wasaidizi wa neva, zikazaliwa vizuri. Seli za neva ndizo zilizoadimika. Jeni za kuzitengeneza zilikuwemo, ila hazikufunguka.

Kwa binadamu bado pana ubishi kama ubongo wa mtu mzima huzaa seli mpya za neva. Mwaka 2013 wanasayansi wa Sweden walipima, ndani ya DNA ya seli za neva, kaboni iliyotapakaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakakadiria kwamba hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, hupata seli mpya za neva 700 kwa siku kila upande. Mwaka 2018 kundi la Marekani halikuona hata moja kwa watu wazima. Mwaka uliofuata Wahispania wakaziona kwa maelfu, hata kwa wazee waliopita miaka 80, na zikiwa chache zaidi kwa wenye Alzheimer. Mimi naegemea kwa Wahispania, kwani walionyesha pia kwamba ubongo ukikaa mno kwenye dawa ya kuuhifadhi, protini inayozitambulisha seli changa haionekani tena.