Tangi bovu la trekta kuukuu: kiraka cha bei nafuu kinavyoweza kula mtaji

Mfanyabiashara anayetafuta trekta kuukuu la kulimisha kwa ekari huko Handeni, Muheza au Korogwe hukagua injini, gia na matairi. Tangi la mafuta huangaliwa mwisho, au haliangaliwi kabisa. Matokeo yake ni kwamba trekta linanunuliwa kabla ya mvua za vuli, linafanya kazi wiki mbili, kisha dizeli inaanza kudondoka na wateja wanahamia kwa mwingine. Mwenye mali, akiwa na haraka ya kurudisha fedha zake, humwita fundi wa kuchomelea aliye karibu. Haraka hiyo ndiyo iliyowaunguza wengi.

Kwanza chanzo cha tatizo. Tangi likilala nusu tupu usiku, hewa iliyomo ndani hupoa na unyevu wake hugeuka matone ya maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hutulia chini na kutu huanza kula bati kutoka ndani. Kwa trekta lililolazwa nje mahali kama Raskazone, rasi inayopigwa na upepo wa chumvi, kutu hushambulia pia kutoka nje. Tundu linapoonekana, bati la eneo zima hilo huwa limekwisha kuwa jembamba. Fundi akiweka moto hapo tundu hupanuka badala ya kuziba, na hii ndiyo sababu kiraka cha kwanza mara nyingi huzaa cha pili na cha tatu. Dawa rahisi ni kujaza tangi jioni badala ya asubuhi, lakini wenye matrekta wengi huogopa wizi wa mafuta usiku.

Hatari yenyewe haieleweki vizuri mitaani. Wengi huamini kwamba tangi lililojaa ndilo la kuogopwa na tupu ni salama. Ukweli ni kinyume chake. Kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na tangi tupu lina nafasi kubwa ya mchanganyiko huo. Kwa petroli, mvuke wa kiasi cha sehemu moja na nusu tu katika mia unatosha kulipuka. Watanzania hawajasahau Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, ambapo lori la mafuta lilipinduka na zaidi ya watu 100 wakafa baada ya moto kuzuka wakati wakichota petroli.

Dizeli ina tabia nyingine, nayo hudanganya. Katika joto la kawaida la Tanga haitoi mvuke wa kutosha kuwaka, hivyo fundi akitupia njiti ya kiberiti kwenye sufuria ya dizeli na njiti ikazimika, hujiona ana uhakika. Lakini ikifikishwa nyuzi 55 au 60 hivi mambo hubadilika, na moto wa kuchomelea una joto la maelfu ya nyuzi. Dizeli iliyonasa kwenye mikunjo ya bati na chini ya magamba ya kutu hugeuka mvuke mara moja. Tena hakuna ajuaye kama madumu yaliyojazia tangi hilo miaka yote hayakuwahi kubeba petroli.

Mbinu nyingi za mitaani hazifai. Kusuuza kwa ndoo moja ya maji hakuondoi mafuta. Kusafisha kwa petroli ni kuongeza baruti. Kuelekeza moshi wa ekzosi ndani ya tangi, mbinu inayosifiwa sana, hakusaidii, kwani moshi wa injini ya dizeli isiyo na mzigo bado umebeba hewa nyingi ya kuwasha moto. Kunusa nako si kipimo.

Kazi inayostahili kulipiwa huanza kwa kufungua nyaya za betri na kushusha tangi kutoka kwenye trekta. Katika Massey Ferguson 135, tangi hukaa juu ya injini chini ya boneti, na ndiyo maana wavivu hupenda kulichomelea palepale. Mafuta humwagwa nje penye upepo, mbali na jiko, sigara na mashine ya kuchomelea. Kifuniko, koki na geji huondolewa. Kisha tangi la chuma huoshwa kwa maji ya moto yenye kostiki soda, soda ikitiwa kwenye maji na si maji kwenye soda, fundi akiwa na glavu na miwani. Kwa tangi la alumini soda hiyo haifai, maana huzalisha gesi inayowaka. Baada ya hapo hupitishwa mvuke wa maji yachemkayo kwa nusu saa au zaidi, na lingine lenye uchafu mwingi hurudiwa. Karakana zinazotengeneza malori ya mafuta hupima kwa kifaa cha gesi kabla ya kuwasha moto. Asiye na kifaa hicho hana njia ya kuthibitisha kwamba tangi ni salama.

Hata likisafishwa, tangi hugeuzwa palipoharibika pawe juu, kisha hujazwa maji hadi karibu na tundu ili nafasi ya hewa iwe ndogo kabisa. Matundu mengine huachwa wazi mvuke upite. Kwa mashine ya umeme, maji hayo yanadai glavu na viatu vikavu.

Kwa tundu dogo, gundi ya vyuma ya mirija miwili ndiyo ya kufikiriwa kwanza. Bati hukwaruzwa kwa msasa wa mkono hadi ling'ae, huoshwa na kukaushwa, na gundi huachwa ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Sabuni ya kipande huzuia dizeli kwa safari ya kurudi nyumbani tu. Ikiwa chini pote pamelika, kuongeza viraka ni kutupa fedha: bora tangi la trekta bovu lililo zima, au jipya la kukunjwa kwa bati.

Majaribio hufanywa kwa maji au povu la sabuni na pumzi kidogo sana. Upepo wa kompresa ya matairi huvimbisha tangi. Kisha likaushwe kabisa, kwani maji yakifika kwenye pampu ya noseli gharama huwa nyingine kabisa.

Kuna pia upande wa dhamana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humbebesha mwajiri jukumu la usalama wa wafanyakazi wake, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, unahusu waajiriwa. Fundi anayejitegemea aliyeitwa kwa kazi ya saa moja hana mwajiri wa kumkatia michango. Akiungua, madai yanaweza kumwelekea mwenye trekta.

Mnunuzi anaweza kujua mengi kabla ya kutoa fedha. Apitishe sumaku chini ya tangi: isiponasa kwenye bati la chuma, hapo pana gundi chini ya rangi. Afungue kikombe cha chujio la dizeli aone kama kuna maji au unga mwekundu. Vyote viwili vikionekana, bei ya tangi jingine na ya kusafisha pampu ipunguzwe palepale kwenye bei ya trekta.