Kisu Kimepita, Mbona Saratani Imerudi?

Juma hili tuzungumzie kongosho. Liko swali ambalo jamaa za wagonjwa huniuliza kila nigusapo habari za saratani: daktari alitoka chumba cha upasuaji akasema uvimbe wote umeondolewa, na mwaka haujaisha ugonjwa umerudi palepale. Je, tulidanganywa?

Hapana. Lakini kulielewa jibu, yafaa kwanza tujue kongosho limekaa wapi.

Hii ni tezi ndefu, laini, iliyolala nyuma ya mfuko wa chakula. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mdogo, na mkia wake unaelekea kwenye bandama. Hutengeneza insulini na majimaji ya kusaga chakula. Saratani ikianza humo haina haraka ya kujitangaza. Mtu hupungua uzito, husikia maumivu yanayopenya hadi mgongoni, au macho humgeuka manjano kwa kuwa njia ya nyongo imebanwa. Wengi hufika hospitali ugonjwa umekwisha sambaa. Wanaoweza kupasuliwa ili uvimbe utolewe ni kama 15 hadi 20 katika kila wagonjwa 100.

Kwa saratani ya kichwa cha kongosho, upasuaji hujulikana kwa jina la Dakta Allen Whipple wa New York, aliyeutangaza mwaka 1935, ingawa Mjerumani Walther Kausch alikwisha kufanya wa namna hiyo mjini Berlin mwaka 1909. Hutolewa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo, kifuko cha nyongo na sehemu ya mfereji wake, kisha yaliyobaki huunganishwa upya. Ni kazi ya saa nyingi.

Taabu iko nyuma. Hapo hupita vena kubwa iendayo kwenye ini, na ateri inayoulisha utumbo, nayo imezungukwa na neva nyembamba kama mizizi. Saratani hii ina tabia ya kutambaa ikifuata neva. Mpasuaji anaweza kuuzunguka uvimbe anaouona kwa macho, na bado seli chache zikabaki zimeshikamana na ateri.

Kiasi gani hubaki? Hapa wataalamu wa patholojia wa Heidelberg, Ujerumani, walitoa somo zito mwaka 2008. Zamani kipande kilichotolewa kilikaguliwa bila utaratibu mmoja, na saratani ikaonekana ukingoni kwa asilimia 14 tu ya wagonjwa. Wakabadili utaratibu: kila upande wa kipande ukapakwa wino wa rangi yake, kikakatwa vipande vyembamba, na kila ukingo ukatazamwa kwa hadubini. Asilimia 14 ikapanda hadi 76! Wapasuaji ni walewale, ugonjwa ni uleule. Kilichobadilika ni macho ya mkaguzi. Na kingo zilizokutwa na saratani zilikuwa hasa za nyuma na za upande wa mishipa mikubwa.

Tangu hapo mapigano yamehamia kwenye ateri. Badala ya kuifikia mwishoni, wakati mengine yote yamekwisha katwa na hakuna kurudi nyuma, wapasuaji wengi sasa huanza nayo, wajue mapema kama saratani imeikamata. Vena ikiwa imeguswa, kipande chake hukatwa na ncha zikashonwa pamoja. Mwaka 2017 madaktari wa Heidelberg walieleza upasuaji wa pembetatu: tishu zote laini, neva na tezi za limfu zilizo kati ya ateri mbili na vena husafishwa mpaka mishipa ibaki mitupu. Kwa saratani ya mkia, Dakta Steven Strasberg wa St. Louis, Marekani, alikuwa ameeleza mwaka 2003 namna ya kukata kutoka kulia kwenda kushoto na kuingia ndani zaidi upande wa nyuma.

Lakini kukata kwingi si dawa. Huko Baltimore, mwaka 2002, wagonjwa walioondolewa tezi za limfu nyingi zaidi hawakuishi zaidi ya wenzao. Matatizo baada ya upasuaji ndiyo yaliyoongezeka, kutoka asilimia 29 hadi 43. Na ukizing'oa neva zote za ateri, mgonjwa huweza kuharisha kwa muda mrefu.

Kisu huhitaji mwenzake. Utafiti wa Ufaransa na Kanada uliotangazwa mwaka 2018 uliwapa wagonjwa waliopona vema baada ya upasuaji mchanganyiko wa dawa kali. Nusu yao waliishi zaidi ya miezi 54. Waliopewa dawa moja ya gemusitabini, nusu walivuka miezi 35. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo ni kubwa kuliko ambayo kisu peke yake kimewahi kuonyesha.

Basi kama una ndugu anayepelekwa kwa upasuaji huu, uliza bila haya: hapa hufanywa mara ngapi kwa mwaka? Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulikuta vifo vya asilimia 16 katika hospitali zilizoufanya mara chache sana, na chini ya 4 katika zilizouzoea. Uliza pia nani atakayekagua kingo za kipande kitakachotolewa, na dawa zitaanza lini.