Dar es Salaam hadi Jeddah: Tusipitwe na Mikati Angani

Ndugu Waislamu, shukrani zote ni za Allah (s.w.t.), aliyewasahilishia waja Wake safari ya kuiendea Nyumba Yake tukufu. Mababu zetu wa mwambao walisubiri upepo wa kusi ndipo majahazi yao yaelekee Arabuni. Leo mzee hupanda ndege asubuhi, na kabla ya jua kuchwa yuko Jeddah.

Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi Uwanja wa Mfalme Abdulaziz ni takriban kilomita 3,160 kwa mstari ulionyooka. Miji hii miwili inakaribia kuwa kwenye longitudo moja, na kwa hiyo ndege huelekea kaskazini moja kwa moja, wala msafiri hana haja ya kurekebisha saa yake ya mkononi. Isipotua njiani, hutumia muda wa saa nne na ushei.

Hata hivyo, wengi wetu hupitia miji mingine. Anayepitia Doha, kwa mfano, husafiri zaidi ya kilomita 5,000, na akijumlisha kungoja ndege ya pili, safari yaweza kumaliza siku nzima.

Hapa ndipo penye jambo la kuzingatiwa. Mtume (s.a.w.) aliweka mikati kwa watu wa kila upande, na pia kwa wageni wapitao njia hizo. Basi anayekuja moja kwa moja kutoka kusini huhirimia anapokuwa mkabala na Yalamlam, mikati ya watu wa Yemen. Anayetokea Doha mikati yake ni Qarnul-Manazil, karibu na Taif. Anayetangulia Madina huhirimia Dhul-Hulayfa atakapoondoka kwenda Makka. Njia ikibadilika, mikati nayo hubadilika.

Ndege hukata kilomita zipatazo 14 kwa dakika moja. Tangazo la mikati likishatolewa, muda unaobaki ni mchache na foleni ya msalani ni ndefu. Tumewasikia mahujaji wakisimulia kwa majonzi kwamba shuka zao za ihramu zilikuwa ndani ya sanduku, chini tumboni mwa ndege. Kwa kauli ya wanachuoni wengi, mwenye kukusudia Hija au Umra akivuka mikati bila ya kuhirimia hulazimika kurejea, au achinje.

Kwa hiyo tunawanasihi vijana mnaowasafirisha wazazi wenu: ulizeni ndege itapita wapi kabla ya kulipa nauli. Nafuu ya nauli isiwe mzigo kwa mama mwenye magoti mabovu. Mzee aoge nyumbani, avae shuka zake kabla ya kupanda ndege ya mwisho ya kuelekea Jeddah, kisha atie nia na kuleta talbiya mikati inapokaribia.

Allah awatakabalie mahujaji wetu na awarejeshe salama. Amin.