Mtindo Mpya, Vipimo vya Leo

Idi na Krismasi zinapokaribia, maduka ya vitenge ya Kariakoo hufurika wanunuzi. Kila msimu una mtindo wake: mara mikono iliyotuna, mara shingo pana. Mama mwenye cherehani nyumbani hujiuliza: kwa umri wangu huu, mtindo huu bado ni wangu?

Kabla ya kujijibu, achukue futi ya kupimia. Miaka ikisonga, mgongo wa juu huinama kidogo, kifua hushuka na kiuno hunenepa. Gauni likikatwa kwa vipimo vya zamani hubana tumboni na upindo hupanda nyuma. Naye mwenyewe hudhani mtindo ndio umemkataa.

Basi jipime upya kila sikukuu. Fua kwanza kitenge cha pamba, maana huweza kurudi. Kipande cha mgongoni kiongezee urefu, na ndani ya mishono ya ubavuni acha inchi moja ya akiba. Kisha chukua jambo moja tu la msimu, mkono au shingo. Ngoma ivumayo haidumu: mwakani utafumua mkono, gauni utabaki nalo.