Pasheni Haitaki Moto

Kata pasheni ya zambarau katikati, uichungulie kabla hujaikamua. Kila mbegu nyeusi imefungwa peke yake ndani ya kifuko chembamba cha rangi ya machungwa, na juisi yote unayoitafuta imo humo vifukoni.

Ndiyo maana siungi mkono ile desturi ya kumimina kila kitu kwenye blenda na kuiacha ivume. Visu huvunja mbegu, chembe zake hupenya kwenye chujio, na juisi hukwaruza koo na kuacha uchungu. Washa, zima, mara mbili tatu basi: vifuko vipasuke, mbegu zibaki nzima. Asiye na blenda asugue taratibu kwa mwiko juu ya chujio.

Sokoni, usiikimbie iliyokunjamana. Pasheni ikiiva hujiangusha yenyewe. Ngozi hunyauka kwa kupoteza maji huku ukali wa ndani ukipungua. Ipime mkononi tu: iliyo nyepesi mno imekauka.

Hapa Eldoret tuko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wa mwinuko huo ndio unaoifaa pasheni ya zambarau. Ya manjano hupenda joto la Pwani. Zote asili yake ni Amerika Kusini. Kilimo chake cha biashara kilianza Kenya mwaka 1933 na kupanuliwa 1960, lakini magonjwa na wadudu waliyafyeka mashamba makubwa mara kwa mara, zao likaangukia mikononi mwa wakulima wadogo. Hapa Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret na nchi ya mahindi, wakulima hao bado wanapambana na virusi vinavyofanya ganda kuwa nene na gumu huku ndani pakibaki karibu patupu. Dhidi ya ukungu wa Fusarium, unaonyausha mmea kuanzia mizizini, wamepata mbinu nzuri: kikonyo cha zambarau hupandikizwa juu ya shina la manjano, ambalo mizizi yake hustahimili.

Sasa lile linalowashangaza wengi: pasheni ya zambarau ina wanga. Ukiichemsha juisi ili idumu, wanga huvimba, juisi ikawa nzito kama uji, na ile harufu iliyokufanya uinunue ikapaa na mvuke. Chemsha maji peke yake. Kwa mwinuko wa Eldoret yatatokota kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, na bado yanaua vijidudu. Yeyusha sukari yakiwa moto, yaache yapoe kabisa, ndipo uchanganye.

Na osha maganda kabla ya kukata. Ukali wa pasheni huwazuia bakteria wengi, lakini hamira za asili zilizo kwenye ganda haziujali, nazo hupenda sukari. Juisi ikisahauliwa mezani hadi kesho yake, huanza kutoa povu.