Klorini ya bei rahisi huenda ikakugharimu zaidi

MFANYABIASHARA anayejenga kidimbwi cha kuogelea katika ploti yake, ili watoto walipie kuogelea wakati wa likizo, hupiga hesabu ya saruji, vigae na pampu. Dawa ya maji huikumbuka baadaye. Ilhali saruji hununuliwa mara moja, klorini hununuliwa kila mwezi, na maji yakigeuka kijani wateja huhamia kwingine.

Klorini huuzwa kwa njia tatu: ya maji kwenye mitungi, ya unga na ya vidonge. Wengi hulinganisha bei pekee, na hapo ndipo hasara huanzia. Muhimu ni nguvu ya dawa. Klorini ya maji ya vidimbwi huwa na takriban asilimia 10, unga asilimia 65 hadi 70, navyo vidonge karibu asilimia 90.

Chukua kidimbwi cha urefu wa mita 10, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.25. Hicho hubeba lita 50,000. Kikipoteza miligramu 3 za klorini kwa kila lita kwa siku, kitahitaji gramu 150 kila siku, au kilo 4.5 kwa mwezi. Hizo ni lita 45 za klorini ya maji, kilo 7 hivi za unga wa asilimia 65, au kilo 5 za vidonge. Dawa ya madoa ya nguo yenye asilimia 3.5 ingehitajika karibu lita 130!

Tuseme, kwa mfano tu, klorini ya maji inauzwa Sh70 kwa lita, unga Sh400 kwa kilo na vidonge Sh700. Gharama ya mwezi itakuwa Sh3,150 kwa ya maji, Sh2,800 kwa unga na Sh3,500 kwa vidonge. Ile iliyoonekana rahisi imeshindwa na unga. Bei za duka lako zikiwa tofauti, gawanya bei kwa gramu za klorini halisi, kisha ulinganishe.

Gharama fiche

Hata hivyo, kila aina ina gharama zake fiche. Klorini ya maji hupungua nguvu ikikaa, hasa kwenye joto, hivyo usiirundike stoo. Unga huongeza chokaa, jambo linalosumbua iwapo maji ya kisima chako tayari yana chokaa nyingi.

Vidonge huacha asidi ya sayanuriki, ambayo hukinga klorini dhidi ya jua. Kiasi kidogo hufaa, lakini ikizidi klorini hulegea. Kwa matumizi ya mfano wetu, asidi hiyo inaweza kupita miligramu 100 kwa lita katika miezi miwili ikiwa maji hayabadilishwi. Tiba yake ni kumwaga sehemu ya maji. Anayeletewa maji kwa lori anajua maana ya kumwaga lita 25,000.

Je, mashine inayotengeneza klorini kutokana na chumvi? Kidimbwi hicho kitahitaji hadi kilo 200 za chumvi mwanzoni, na chumvi hiyo haiishi haraka. Lakini mashine ikigharimu Sh120,000 na kudumu miaka minne, ni Sh2,500 kwa mwezi kabla ya umeme na asidi ya kushusha pH.

Namna ya kuokoa

Weka dawa jioni, kwa kuwa jua huiharibu upesi. Pima maji kila siku: klorini iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH kati ya 7.2 na 7.8. Pampu isafishe maji vyema, kwa sababu uchafu hula klorini.

Zaidi ya yote, usichanganye kamwe unga na vidonge, wala klorini na asidi. Mchanganyiko huo unaweza kulipuka au kutoa gesi ya sumu, na hasara yake haipimwi kwa shilingi.