Mkwaju Mmoja Shimoni: Nani Alipie Furaha?

Iko desturi moja ya viwanja vya gofu ambayo imewashangaza wengi wetu tuliokaa karibu na viwanja hivyo, Jinja na Mbale. Mchezaji akipiga mpira mara moja tu ukaenda ukaingia shimoni, bahati ambayo wengi hucheza maisha yao yote bila kuiona, klabu haimpi kitu. Yeye ndiye atoaye. Jioni ile huwanunulia vinywaji wote waliomo klabuni, na habari ikisharuka mji mzima, klabu hujaa hata watu ambao siku hiyo hawakugusa fimbo.

Kwa mwenye duka kubwa au mkurugenzi, hilo si neno. Lakini huko Japan, ambako mwenye bahati hutazamiwa kufanya karamu na kugawa zawadi kwa rafiki zake, gharama zilikua hata makampuni ya bima yakaanza kuuza bima ya jambo hilo. Mtu hulipa ada kila mwaka, ili siku akifaulu asifilisike. Fikirini: bima ya kumkinga mtu na furaha yake mwenyewe!

Tunaliandika jambo hili kwa sababu wenzetu kadhaa wa viwandani na mashambani wameuliza kama mchezo wa namna hii waweza kuchezwa na watu wa mshahara, na namna gani ya kumsifu aliyefanya vizuri bila kumtia deni. Jibu lipo. Kwanza tueleze hesabu yenyewe.

Kila shimo la gofu limewekewa kiwango cha mikwaju, nao wachezaji hukiita paa. Shimo fupi ni paa ya tatu, la kadiri ni ya nne, refu ni ya tano. Ukimaliza kwa mikwaju iliyo sawa na kiwango, hujapata wala hujapoteza. Ukipunguza mmoja, umepata badi, yaani ndege mdogo kwa Kiingereza. Ukipunguza miwili ni igo, yaani tai. Ukipunguza mitatu ni albatrosi, ndege wa baharini mwenye mabawa marefu sana, na huyo haonekani ila kwa nadra. Mkwaju mmoja tu ukaingia, hiyo ndiyo esi. Inakadiriwa kuwa mchezaji wa kawaida akisimama kwenye shimo la paa ya tatu, nafasi yake ya kupata esi ni kama mara moja katika mikwaju 12,000 hivi.

Neno hilo la badi lenyewe lina habari ya fedha ndani yake. Inasimuliwa kuwa lilizaliwa Atlantic City, Marekani, karibu na mwanzo wa karne ya 20. Watu walikuwa wakicheza pamoja, mmoja akapiga mkwaju uliotua karibu kabisa na shimo, akasema huo ni ndege wa mkwaju, maana katika mitaa yao wakati ule neno ndege lilikuwa na maana ya kitu kizuri sana. Kisha akadai kwamba atakayemaliza shimo chini ya kiwango kwa mkwaju mmoja alipwe maradufu. Wakakubaliana. Basi hao wa kwanza kabisa walimlipa aliyefaulu, hawakumtoza.

Hapa kwetu gofu ililetwa na Waingereza. Zamani za ukoloni klabu zilikuwa zao, na Mwafrika aliingia uwanjani akiwa amebeba mfuko wa fimbo begani. Uwanja wa Jinja uko kando ya Nile, karibu na mahali mto unapoliacha ziwa, na sifa yake imefika mbali kwa sababu ya viboko. Walikuwa wakitoka majini usiku kula majani, na asubuhi uwanja una mashimo ya nyayo zao. Ikawekwa kanuni ya mahali hapo: mpira ukitua ndani ya wayo wa kiboko, mchezaji anaruhusiwa kuuokota na kuuweka pembeni bila kuongezewa mkwaju. Kisumu, ng'ambo ya mpaka, walikwenda mbali zaidi. Kanuni yao iliruhusu kuweka mpira mwingine mahali pa salama endapo ule wa kwanza umekwenda kulala karibu na kiboko au mamba. Nadhani kanuni hiyo hakuna aliyeibishia. Mbale nako uwanja uko chini ya Wanale, na mvua za Masaba zikishuka alasiri mchezo huwa umekwisha.

Mbeba fimbo ndiye aliyejua yote hayo. Alijua udongo wa wapi ni mgumu, upepo wa ziwani unaanza saa ngapi, na shimo lipi linadanganya macho. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Uganda walianza kwa kubeba mifuko ya wengine. Hata hivyo, bwana akipata esi, jina linaloandikwa ubaoni ni la bwana. Mwenye kumwambia apige fimbo ipi hupata bakshishi, ikiwa bwana ni mkarimu.

Sasa tuje kwenye mchezo unaotufaa zaidi sisi. Ni gofu ya visahani. Haina fimbo wala mpira, wala nyasi za kukatwa kila asubuhi. Mchezaji hurusha kisahani cha plastiki, chenye uzito wa kama gramu 150 hadi 180, kutoka mahali palipowekwa alama, na kukirusha tena kutoka pale kilipoanguka, mpaka kiingie katika kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Hesabu ni ile ile: paa, badi, igo, esi. Uwanja kamili una vikapu 18, lakini hata 9 vinatosha, na vyaweza kupita katikati ya miti, pembeni mwa uwanja wa mpira, au nyuma ya nyumba za wafanyakazi pasipo na watoto wanaopita.

Mtu aliyeupa mchezo huu sura yake ni Mmarekani Ed Headrick, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Wham-O iliyotengeneza visahani vya Frisbee. Uwanja wa kwanza wa kudumu uliwekwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California, na chama cha wachezaji, PDGA, kikaundwa mwaka 1976. Kabla ya hapo watu walilenga miti, nguzo za taa na hata mapipa ya takataka. Mwanzoni hata pale Oak Grove zilikuwa nguzo tu zilizosimikwa ardhini. Matatizo yakaja: huyu anasema kisahani kimeigusa nguzo, yule anasema kimepita. Ndipo ukabuniwa mlingoti wenye minyororo na kikapu chini yake. Kisahani kikipiga minyororo hupoteza nguvu, huanguka kikapuni, na ubishi hukoma. Kwa hiyo kikapu tunachokiona ni chombo cha kumaliza magomvi. Fundi yeyote wa kuchomelea vyuma aweza kukitengeneza kwa bomba, nondo na minyororo. Visahani vyenyewe ndivyo vya kutafuta, lakini kimoja hudumu miaka, na wawili waweza kuanza kwa kuazimana.

Basi katika ligi ndogo za mchezo huu, hasa za watu wasiolipwa, kuna desturi ya sanduku la esi. Kabla ya mchezo kila mmoja hutia fedha kidogo. Siku ile hakuna aliyepata esi, fedha hubaki, na juma lijalo huongezwa nyingine juu yake. Atakayepata esi huchukua sanduku zima. Kisha wenzake waliokuwa naye hutia sahihi zao kwa wino juu ya kisahani kile kile, pamoja na tarehe na namba ya kikapu, naye hukitundika nyumbani. Tazameni tofauti. Kwenye klabu ya gofu aliyebahatika hulipia furaha ya wote. Hapa wote walikwisha lipia furaha ya atakayebahatika, kidogo kidogo, kabla hajajulikana ni nani.

Tuseme wako watu 20, kila mmoja anatia shilingi 500 kwa juma. Hizo ni 10,000. Majuma kumi bila esi ni 100,000. Fedha hiyo inamfaa mtu wa mshahara, nayo haikumuumiza mtu.

Lakini mimi nina neno langu hapa. Ukitoa zawadi kwa esi peke yake, utakuwa unawapa wenye mikono ya nguvu na wenye bahati, na waliobaki watachoka. Esi mara nyingi hupatikana kwenye kikapu kifupi. Je, aliyepata badi kwenye kikapu kibaya kuliko vyote, chenye mteremko na mikaratusi pande zote mbili, hakufanya kazi kubwa zaidi? Amefanya. Tatizo ni namna ya kuipima, na kipimo wafanyakazi wanakijua kuliko mabwana.

Kiwango cha paa huwekwa na aliyepanga uwanja, kama vile kipande cha kazi kinavyowekwa na msimamizi. Mkata miwa anajua kwamba mistari miwili iliyo sawa kwenye karatasi si sawa shambani. Mmoja ni tambarare na miwa imesimama, mwingine umelala, umejaa nyasi na maji. Basi msiangalie paa. Angalieni watu wamefanya nini kweli. Jumlisheni mirusho ya wote kwenye kila kikapu, mgawanye kwa idadi ya watu. Tuseme kikapu cha saba kimewachukua watu 20 jumla ya mirusho 84. Wastani ni 4.2. Kikapu cha pili, kilicho kifupi, kimewachukua mirusho 52, wastani 2.6. Juma amepata 2 kwenye cha pili, naye Nabwire amepata 2 kwenye cha saba. Kwenye karatasi wote wameandikiwa 2. Lakini Juma ameshinda wenzake kwa 0.6 tu, na Nabwire kwa 2.2. Kikapu cha juma ni cha Nabwire, hata kama Juma atanuna.

Kwa hiyo gawanyeni zile shilingi 500: 300 ziende sanduku la esi, na 200 ziende kwa kikapu cha juma. Kila juma mtu mmoja ataondoka na shilingi 4,000, na sanduku la esi litaendelea kunenepa kwa 6,000. Wenye mkono mwepesi nao watakuwa na sababu ya kuja.

Mfano mkubwa wa kwamba kikapu cha kukumbukwa si lazima kiwe esi ulitokea Ogden, jimbo la Utah, Marekani, katika mashindano ya dunia ya Juni 2021. James Conrad alikuwa nyuma ya Paul McBeth kwa mrusho mmoja, na kikapu kilichobaki kilikuwa kimoja. Akasimama futi 247 kutoka kikapuni, yaani kama mita 75, akarusha, na kisahani kikaingia moja kwa moja katika minyororo. Ilikuwa badi, si zaidi ya hapo. Wakawa sawa, wakarudiana, Conrad akawa bingwa. Wachezaji wa mchezo huu wanauzungumza mrusho huo kuliko esi elfu za watu wengine.

Anayetaka kujaribu ajue pia kwamba kisahani si mpira. Kikirushwa kinazunguka, na kwa mtu wa mkono wa kulia anayekitoa kifuani kwenda nje, mwishoni kikipungua mwendo hukata kwenda kushoto. Upepo ukikujia usoni hukiinua na kukigeuza. Ukitoka mgongoni hukididimiza chini. Jinja alasiri upepo wa ziwa si wa kuchezea. Lengeni kulia zaidi ya mnavyodhani.

Limebaki la fedha, nalo ndilo linalovunja ligi kuliko mvua. Niliwahi kuwekwa mweka hazina wa timu ya mpira katika kiwanda kimoja, ambacho sikitaji. Fedha nilizitia katika mkebe wa chai, chini ya kitanda, na daftari nililiandika nilipokumbuka. Mwisho wa msimu hesabu ilikosa fedha za jezi mbili. Sikuiba, lakini sikuweza kuonyesha kwamba sikuiba, na mpaka leo kuna mwenzangu mmoja anayenisalimu kwa upande. Kwa hiyo sanduku liwe na makufuli mawili na funguo zikae kwa watu wawili wa zamu tofauti. Jumla isomwe mbele ya wote kabla ya mrusho wa kwanza, na iandikwe. Aliyechelewa kutia fedha asihesabiwe siku hiyo, hata akipata esi mbili.

Na esi iwe imeonwa. Mashahidi wasiopungua wawili, waliotia fedha, waliokiona kisahani kikiingia au kikiwa kimetulia kikapuni kabla hakijaguswa. Mrusho wa mazoezi hauhesabiwi. Kisahani kikikwama juu ya kikapu, hakikuingia.

Msimu ukiisha bila esi, msizigawe fedha zikarudi mifukoni. Kuna ligi ambazo wote husimama mahali pamoja, kwa kikapu kimoja kilichochaguliwa, kila mtu akarusha mara moja tu. Aliye karibu zaidi huchukua sanduku. Pimeni kwa kamba, si kwa hatua, maana hatua za mrefu na za mfupi hazilingani.